Mpango wa Usimamizi wa Usanidi wa Vifaa: Uanzie Wapi na Uandikwe Nini

Swali la msomaji: "Mimi ni ofisa ugavi katika shirika lenye jenereta, pampu za maji, majokofu ya dawa, magari na redio za mawasiliano, vyote vikiwa vimetawanyika katika vituo vingi. Mara kwa mara tunapeleka kipuri kituoni na fundi anakirudisha kwa kuwa hakiingii, ingawa jenereta zote zinaitwa kwa jina moja na zilinunuliwa kwa mkataba mmoja. Sasa nimeagizwa kuandika mpango wa usimamizi wa usanidi wa vifaa vyote ndani ya miezi miwili. Idara ya kompyuta imenipa kiolezo chake. Je, kinafaa? Mpango huu unatofautianaje na rejista ya mali na leja ya ghala tulizonazo? Nianzie wapi?"

Jibu

Ndugu muulizaji, kipuri kinachorudishwa kutoka kituoni ndicho ushahidi bora ulio nao, na ninakusihi usikichukulie kama kosa dogo la mtunza ghala. Mtunza ghala alitoa alichoombwa, aliyeomba alitaja jina lililo kwenye orodha, na orodha iliandikwa kwa kufuata mkataba wa ununuzi. Kila mmoja alitimiza wajibu wake, na bado mashine imelala. Kilichokosekana ni kumbukumbu inayosema kwamba jenereta ile, yenye namba yake ya pekee, ilibadilishwa paneli ya kudhibiti mwaka fulani kwa idhini ya mtu fulani, na kwamba tangu siku hiyo inahitaji kipuri tofauti na mwenzake aliyepo kituo cha pili. Kuifanya kumbukumbu hiyo iwepo, iwe ya kweli na ifikiwe na kila anayeihitaji, ndiyo kazi nzima ya usimamizi wa usanidi.

Neno usanidi wengi tumelizoea katika mambo ya kompyuta, ambako kusanidi ni kuipanga mitambo au programu ili ifanye kazi kwa namna inayotakiwa. Kwa upande wa vifaa, usanidi ni jumla ya sifa za kifaa, za kiumbo na za kiutendaji, kama zilivyoandikwa katika nyaraka zake na kama zinavyoonekana katika kifaa chenyewe. Uzito wa maana hiyo uko katika kuwapo kwa pande mbili, yaani maandishi na kitu chenyewe, kwa sababu ugonjwa wa mashirika mengi hautokani na kukosa maandishi wala kukosa vifaa, bali unatokana na pande hizo mbili kuachana polepole bila mtu kutambua.

Hapo ndipo ilipo tofauti na kumbukumbu ulizonazo. Rejista ya mali hueleza kwamba kifaa ni chetu, kiko wapi, kilinunuliwa lini na kina thamani gani. Leja ya ghala hueleza tuna vipuri vingapi, vimeingia vingapi na vimetoka vingapi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoeleza kifaa hicho leo kimeundwa na nini ndani yake, kinatumia toleo lipi la programu, kimefanyiwa marekebisho gani, na mwongozo upi wa matengenezo ndio unaokihusu. Usizifute kumbukumbu hizo wala usianzishe rejista ya tatu inayoshindana nazo. Mpango wako useme tu kwamba zote zitaunganishwa kwa namba ileile ya utambulisho wa kifaa, ili anayeanza na leja aweze kufika kwenye usanidi, na anayeanza na usanidi aweze kufika kwenye rafu ya ghala.

Kuhusu kiolezo cha idara ya kompyuta, kichukue kwa sura zake kuu, lakini usikichukue kwa maudhui yake. Fani hii haikuzaliwa kwenye kompyuta. Ilikomaa katika miradi ya makombora na ndege ya jeshi la Marekani katika miaka ya 1950 na 1960, pale ilipogundulika kwamba makombora yaliyotoka kiwanda kimoja na kuitwa kwa jina moja yalikuwa yakitofautiana ndani, na hakuna aliyeweza kusema yanatofautiana vipi. Kutoka huko zilitoka kanuni za kijeshi, mojawapo ikiwa MIL-STD-973 ya mwaka 1992 iliyofutwa mwaka 2000, na baadaye kanuni za jumla kama EIA-649 iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1998. Kwa shirika lako ninapendekeza uanze na ISO 10007, ya Shirika la Kimataifa la Viwango, iliyotoka mwaka 1995 na kupitiwa upya mwaka 2003 na 2017. Ni mwongozo wa ushauri, haitolewi cheti, ni fupi, na ina kiambatisho kinachoonyesha muundo wa mpango wenyewe. Inaigawa kazi katika sehemu tano, yaani upangaji, utambulisho, udhibiti wa mabadiliko, utunzaji wa taarifa za hali ya usanidi, na ukaguzi. Kiolezo ulichopewa pengine kina sehemu hizohizo. Kitakachokosekana humo ni mambo ambayo kompyuta haiyajui: programu inaweza kurudishwa toleo la zamani kwa kubonyeza kitufe, lakini pampu iliyotobolewa matundu mapya ya bolti hairudi ilivyokuwa, programu haina vipuri vinavyozeeka ghalani, haina zana maalumu, na haihitaji lori lenye uwezo wa kubeba uzito wake mpya.

Nitatoa mfano mmoja wa kihistoria, kwa sababu unaonyesha kuliko maelezo yoyote namna badiliko lililoidhinishwa linavyoweza kumwua mtu kwa kutofika mahali padogo. Tarehe 13 Aprili 1970 tangi la oksijeni la chombo cha angani Apollo 13 lililipuka kikiwa njiani kwenda mwezini. Ndani ya tangi mlikuwa na hita, na swichi zake za kuzuia joto kupita kiasi zilikuwa zimetengenezwa kwa ajili ya umeme wa volti 28 wa chombo hicho. Mwaka 1965 masharti ya kiufundi yalibadilishwa ili hita ziweze kutumia umeme wa volti 65 kutoka kwenye vifaa vya huduma vya ardhini, pale kwenye uwanja wa kurushia. Badiliko hilo liliandikwa na kuidhinishwa. Swichi hazikubadilishwa, na katika mapitio yote yaliyofuata hakuna aliyeliona pengo hilo. Majuma machache kabla ya safari, tangi lilipokataa kumwagika kwa njia ya kawaida, mafundi waliwasha hita kwa muda wa takriban saa nane ili kuichemsha oksijeni itoke. Swichi zilipojaribu kukata umeme wa volti 65 ziliungana kwa joto na kubaki zimefungwa, joto likapanda mno, na ngozi ya nyaya ikaharibika. Tangi hilo pia lilikuwa na historia yake: awali lilikuwa limefungwa katika chombo cha Apollo 10, na wakati wa kuhamishwa mwaka 1968 rafu iliyolibeba ilianguka kimo kidogo cha takriban sentimita tano, jambo linalodhaniwa kulegeza bomba la kumwagia. Wanaanga wote watatu walirudi salama, lakini kwa shida kubwa.

Tazama mahali tatizo lilipokaa. Kifaa cha ardhini, yaani kifaa cha lojistiki, kilibadilishwa. Sehemu ndogo ndani ya kifaa kikuu haikufuata. Na historia ya kipande kimoja chenye namba yake haikusomwa kwa uzito uliostahili. Ninaamini kwa dhati kwamba mpango wowote wa usimamizi wa usanidi unapaswa kupimwa kwa swali hili moja: badiliko likiidhinishwa leo, ni utaratibu gani utakaohakikisha linafika kwenye kipuri, kitabu, zana, mafunzo na usafirishaji? Mpango usiojibu swali hilo, hata ukiwa na kurasa mia moja, haujaandikwa bado.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Jambo la kwanza ni kuchagua vitu utakavyovisimamia, na hapa ndipo watu wengi wenye nia njema huzama. Wanaorodhesha kila kitu hadi skrubu, na baada ya miezi michache orodha inawashinda na kuachwa. Kifaa au sehemu iingie katika usimamizi wa usanidi ikiwa kubadilika kwake kunaweza kuathiri usalama, au kunaweza kukifanya kifaa kishindwe kufanya kazi pamoja na kingine, au kina vipuri na mwongozo wake mwenyewe, au kina matoleo mbalimbali yanayofanana kwa sura, au kuchelewa kukipata kunasimamisha huduma. Kwa jenereta, kwa mfano, ningesimamia jenereta nzima kama kitu kimoja, kisha ndani yake injini, kizalishi cha umeme, paneli ya kudhibiti pamoja na toleo la programu iliyomo, na pampu ya mafuta. Filta, mikanda na bolti nitaziacha zitambulike kwa namba ya kipuri katika orodha ya vipuri vya kifaa, bila kuzipa faili zake zenyewe. Ukiwa na shaka, acha nje. Ni rahisi zaidi kuongeza kitu baadaye kuliko kuwashawishi watu wafufue orodha waliyokwisha kuichoka.

Utambulisho unafuata, na una kanuni moja ambayo usiiache ivunjwe. Kipuri kipya kikiweza kushika nafasi ya cha zamani katika umbo, mkao na kazi, popote cha zamani kinapotumika, na cha zamani nacho kikiweza kushika nafasi ya kipya, namba ya kipuri inaweza kubaki ileile. Kikishindwa katika mojawapo, namba ibadilike. Kuna hali ya katikati inayowaponza wengi, ambapo kipya kinaingia kwenye mashine za zamani lakini cha zamani hakiingii kwenye mashine mpya. Hiyo ni njia ya upande mmoja, na ni lazima iandikwe waziwazi kwenye leja ya ghala na si kwenye faili la mhandisi pekee, kwa kuwa uamuzi wa kutoa kipuri hufanyika kwenye dirisha la ghala. Tunza namba ya mtengenezaji pamoja na namba yako ya ndani, na uandike pia namba iliyorithiwa pale mtengenezaji anapofuta namba moja na kuweka nyingine. Namba zako za ndani zisibebe maana. Ukiziunda ili herufi ya kwanza ieleze kituo na ya pili ieleze aina, siku kifaa kitakapohamishwa namba itaanza kusema uongo. Namba ya pekee ya kila kifaa ichukuliwe kutoka kwenye kibao cha chuma kilichobanduliwa rangi na kusafishwa, na ipigwe picha, maana nimeona vibao vilivyopakwa rangi mara tatu vikisomwa kwa kukisia.

Baada ya hapo utahitaji usanidi wa msingi, yaani hali iliyokubaliwa rasmi ambayo mabadiliko yote yajayo yatapimwa kwayo. Vitabu vya fani hii huzungumzia misingi mitatu, wa kiutendaji, wa mgawanyo wa mahitaji na wa bidhaa, kwa kuwa viliandikwa kwa ajili ya wanaobuni vifaa tangu mwanzo. Shirika linalonunua vifaa vilivyokwisha kutengenezwa linahitaji kuwa na picha mbili tu: usanidi ulioidhinishwa na usanidi uliopo. Wa kwanza ni kile tulichokubali kwamba kifaa kinapaswa kuwa nacho. Wa pili ni kile fundi alichokiona alipokifungua. Pengo kati ya hizo mbili ndiyo orodha ya kazi zako.

Usanidi uliopo haupatikani ofisini. Ni lazima watu wawili waende kituoni, mmoja akisoma kutoka kwenye mashine na mwingine akiandika, bila kuwa na orodha ya mkataba mkononi. Ninasisitiza hili kwa sababu anayeshika orodha huona kile orodha inachomwambia aone. Pia wasirekebishe chochote wakati wa zoezi hilo. Fundi mwema akikuta vali isiyo sahihi hutamani kuibadilisha papo hapo, na akifanya hivyo amefuta ushahidi kabla haujaandikwa. Waandike kwanza, na kama kuna hatari kwa maisha ya watu, mashine izimwe na iwekewe alama, kisha badiliko lifuate njia yake. Katika shirika moja nililowahi kulihudumia, zoezi hili lilionyesha kwamba pampu zilizodhaniwa kuwa za aina moja zilikuwa na mihuri ya mhimili, yaani vizibo vinavyozuia maji kuvuja pembeni mwa mhimili unaozunguka, ya aina tatu, na ghala lilikuwa limejaa aina iliyokuwa katika pampu chache kuliko zote. Hakuna aliyekuwa amekosea kwa makusudi. Mabadiliko yalifanyika karakana, yalikuwa ya busara, na hayakuandikwa popote.

Hilo linatuleta kwenye moyo wa mpango, udhibiti wa mabadiliko. Kabla ya kuandika utaratibu wowote, chunguza mabadiliko yanaingia kupitia milango gani katika shirika lako. Utakuta kwamba machache sana huanzia kwa wahandisi. Ofisa ununuzi hupokea kipuri kilichoelezwa kuwa ni sawa na kile kilichoagizwa. Mtunza ghala hutoa mbadala kwa sababu kilichoombwa kimeisha. Fundi hung'oa sehemu kwenye mashine iliyolala ili kuiamsha nyingine, na kwa tendo hilo moja amebadilisha usanidi wa mashine mbili. Mtengenezaji hutuma taarifa ya marekebisho, au hubadilisha programu wakati wa huduma ya kawaida bila kusema. Mfadhili hutoa vifaa vya ziada vya chapa nyingine. Kila mlango kati ya hiyo uwe na mlinzi aliyetajwa kwa cheo katika mpango wako, na kila mlinzi ajue ni lipi analoweza kuliamua mwenyewe na ni lipi analopaswa kulipeleka juu.

Ninapendekeza ngazi tatu za mamlaka, si zaidi. Mbadala uliokwisha kuthibitishwa na kuorodheshwa utolewe na mtunza ghala bila kumwuliza mtu, akiandika tu namba ya kilichotolewa na kifaa kilichokipokea. Badiliko dogo lisilogusa usalama, utendaji, vipuri wala mwongozo liamuliwe na mhandisi wa matengenezo. Mengine yote yaende kwenye bodi ya kudhibiti mabadiliko. Bodi hiyo iwe ndogo: anayehusika kiufundi na kifaa, msimamizi wa matengenezo, wa ugavi na ghala, wa ununuzi, wa usalama, na mwakilishi wa wanaokitumia kifaa. Mwenyekiti asikilize wote kisha aamue yeye, na awajibike kwa uamuzi wake. Kupiga kura kunavutia kwa kuwa kunaonekana kuwa na haki, lakini kunaacha uamuzi wa kiufundi bila mwenyewe, na miaka miwili baadaye hutapata mtu wa kumwuliza kwa nini.

Fomu ya ombi la mabadiliko ndiyo chombo chako chenye nguvu kuliko vyote, na mimi ningetumia muda mwingi zaidi kuiandaa kuliko sura nyingine yoyote ya mpango. Iulize sababu ya badiliko na maelezo yake ya kiufundi, kama fomu zote zinavyofanya. Kisha iulize kwa lazima yale yanayosahauliwa. Vipuri vya zamani vilivyopo ghalani vitatumika hadi viishe, vitarekebishwa, au vitatupwa? Vilivyokwisha kuagizwa na viko njiani vitafanywaje? Ni ukurasa upi wa mwongozo unaobadilika, na nakala za zamani zitaondolewa na nani kutoka vituoni? Je, zana, vipimo vya majaribio, mafuta au vilainishi vitabadilika? Mafundi gani wafundishwe, na kabla ya tarehe gani? Uzito, vipimo na sehemu za kushikia minyororo wakati wa kunyanyua vimebadilika kiasi cha kuathiri ufungashaji au gari la kubebea? Dhamana ya mtengenezaji itaendelea kuwepo? Na swali ambalo bila jibu lake hakuna ombi linalopaswa kuidhinishwa: badiliko hili linahusu vifaa vipi kwa namba zao, na kuanzia lini? Kuandika kwamba litahusu jenereta zote si jibu, kwa sababu kwa miezi kadhaa baadhi zitakuwa zimebadilishwa na nyingine bado, na ghala litalazimika kuzihudumia zote.

Kutokana na fomu hiyo utaona kwamba badiliko lina mwisho mwingine kuliko ule tuliouzoea. Halifungwi siku mwenyekiti anapotia sahihi. Linafungwa pale kifaa cha mwisho kinachohusika kinapobadilishwa na kukaguliwa, leja ikarekebishwa, mwongozo mpya ukapokewa na kila kituo na wa zamani ukarudishwa. Mpango wako useme hivyo kwa maneno yasiyo na shaka, na umtaje anayetia sahihi ya kufunga, ambaye asiwe yule aliyeliomba badiliko.

Dharura nazo zipewe nafasi yake ya haki. Jokofu la dawa likizimika usiku, hakuna fundi mwenye dhamiri atakayesubiri kikao, na mpango unaomtaka asubiri utamfundisha kuficha. Mruhusu afanye kinachohitajika kwa idhini ya msimamizi wa zamu, kisha badiliko liandikwe ndani ya muda uliowekwa. Mimi hupendekeza saa 72. Badiliko la namna hiyo lihesabiwe kuwa la muda, liwe na tarehe ya kuisha, na likifika tarehe hiyo ama liidhinishwe rasmi ama liondolewe. Vivyo hivyo, kibali cha kukengeuka, yaani ruhusa ya kupokea au kutumia kitu kisichotimiza masharti kwa idadi au muda maalumu, kisigeuke kuwa badiliko la kudumu kwa kusahauliwa.

Juu ya utunzaji wa taarifa sina mengi ya kukuongezea, kwa kuwa ukifanya vizuri hayo yaliyotangulia, taarifa zitakuwa zimejikusanya. Jedwali la kompyuta linatosha kwa kuanzia. Kinachohitajika ni kwamba kila taarifa iwe na chimbuko moja tu, anayeruhusiwa kuibadilisha ajulikane, na kila mstari uoneshe tarehe, aliyebadilisha na namba ya ombi lililoruhusu. Jipime kwa kumwomba mtu asiye wa idara yako akujibu, kwa kutumia kumbukumbu pekee, kifaa fulani kina nini ndani yake leo, kilikuwa na nini mwaka jana, na ni mabadiliko yapi yaliyoidhinishwa ambayo bado hayajafika kwake. Asipoweza, msikimbilie kununua mfumo wa gharama. Mfumo wa gharama utazihifadhi taarifa zilezile zenye mapengo.

Ukaguzi uwe wa aina mbili. Mmoja hulinganisha kifaa na maandishi yake, kipande kwa kipande; mwingine huthibitisha kwa majaribio kwamba kifaa kinafanya kile ambacho masharti yake yanasema kinafanya. Ule wa kwanza uufanye kwa pande mbili, yaani uchague baadhi ya vifaa kutoka vituoni na kuvitafuta kwenye kumbukumbu, kisha uchague baadhi ya mistari ya kumbukumbu na kuitafuta vituoni, kwa sababu kila upande hufichua makosa ambayo mwingine hauwezi kuyaona. Usitegemee ukaguzi wa mwaka peke yake. Kifaa kikaguliwe kinapopokewa, kinapotoka kwenye matengenezo makubwa, kinapohamishwa kituo, na baada ya badiliko kubwa. Vipimo viwili vitakutosha: ni asilimia ngapi ya vifaa vilivyokaguliwa vinavyolingana na kumbukumbu zake, na mabadiliko yaliyoidhinishwa hukaa muda gani kabla ya kufungwa.

Wauzaji usiwasahau, na wahi kabla mkataba mpya haujatiwa sahihi, kwa kuwa baada ya hapo utaomba badala ya kudai. Mkataba umtake muuzaji akabidhi orodha ya usanidi wa kila kifaa kwa namba yake wakati wa kukikabidhi, pamoja na toleo la programu iliyomo, akujulishe kwa maandishi kabla ya kubadilisha sehemu yoyote, na aeleze kila mara kama kipya kinaweza kushika nafasi ya cha zamani, na cha zamani nafasi ya kipya. Wanaokuja kufanya matengenezo kwa mkataba wafungwe na masharti hayohayo.

Mwisho ni ule muda wa miezi miwili. Kwa vifaa vyote vya shirika hautoshi, na ninakushauri umweleze hivyo mkuu wako mapema, ukiwa na pendekezo mkononi. Katika miezi hiyo andika mpango mfupi, kurasa kumi na tano au ishirini, unaotaja upeo, majukumu, vigezo vya kuchagua vitu, kanuni za namba, ngazi za idhini, fomu, kumbukumbu na ukaguzi. Uandike ukiwa umekaa na mtunza ghala na fundi mmoja wa kituoni, maana wao ndio watakaouvunja au kuutunza. Kisha uujaribu kwa aina moja tu ya vifaa; kwa maelezo yako ningechagua jenereta, kwa kuwa ndizo zinazokurudishia vipuri. Kusanya fomu za vipuri vilivyorudishwa katika miezi kumi na miwili iliyopita, zipange kwa namba ya jenereta, na uanze ziara ya kwanza kwenye ile inayojitokeza mara nyingi zaidi. Mpango wenyewe uwe na namba ya toleo na tarehe, na urekebishwe kwa utaratibu uleule wa ombi la mabadiliko mliouweka ndani yake, kuanzia marekebisho ya kwanza mtakayoyagundua mkiwa kwenye ziara hiyo.